Swali la Bibi Benigna

Mwanahawa aliuza vitenge sokoni Songea, lakini Kireno alikijua tangu utotoni, kwani alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Ndiyo maana ofisi ya mkoa ilimwita siku wageni kutoka Brazili walipofika na mkalimani wao akabaki Dar es Salaam na homa.

Waliondoka alfajiri kwenda kijiji cha Lusewa. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya tumbaku, na gari lilikwenda kana kwamba halikanyagi ardhi. Wageni waliongea taratibu. Kila neno lao lilimjia Mwanahawa kwa sauti ya marehemu mama yake, hata akasahau kidogo yuko wapi.

Kijijini, mkuu wa msafara alieleza walichokusudia: mbegu bora za mahindi, zahanati, na mtaji wa kuchimba urani, madini ya kuzalisha umeme. Nchi zetu ni ndugu, alisema, zote zilinyonywa na wakoloni. Mwanahawa akatafsiri, watu wakapiga makofi.

Akasimama Bibi Benigna, mkulima wa mahindi.

"Shikamoo, bibi," Mwanahawa alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Waulize, hayo mawe hayatakuja kuwa bomu la kuua watu wa kwingine?"

Mkuu alijibu upesi kwamba wapo wakaguzi wa kimataifa.

"Na yule aliyenyamaza?"

Bibi alimaanisha mhandisi wao, mzee mwenye mvi. Mhandisi akasimama. "Sisi hatutengenezi bomu," alisema. "Ila yakishauzwa kwa wengine, siwezi kuapa."

"Hilo usilitafsiri," mkuu alimnong'oneza Mwanahawa.

Mwanahawa akajiona kama amesimama katikati ya mto, ng'ambo zote mbili zikimsubiri. Akasema, "Anasema wao hawatengenezi bomu. Lakini yakiuzwa kwa wengine, hawezi kuapa."

Bibi Benigna akaketi polepole. "Huyo nimemwelewa."

Wanakijiji walikubali mbegu. Kuhusu urani, waliomba mkataba uandikwe kwa Kiswahili, ukitaja kila nchi itakayouziwa, na maji ya visima yapimwe kwanza.

Njia nzima ya kurudi mkuu hakumsemesha Mwanahawa, na ofisi ya mkoa haikumwita tena. Alihuzunika kidogo, lakini alilala vizuri.

Baada ya mavuno rasimu ya mkataba ilifika Lusewa, kwa Kiswahili, majina ya nchi yakiwa ukurasa wa nne. Bibi Benigna alisomewa mara mbili, kisha akasema sasa wanaweza kuanza kuzungumza.