Kikombe cha Fidencio

Mdogo wangu Hermelinda ni mbishi tangu utotoni. Mwanawe Fidencio alivuka jangwa la kaskazini kutafuta kazi, akapotea, na kila Siku ya Wafu, marehemu wanaporudi nyumbani kula, mama mtu hugoma kumwandalia chochote mezani. Mimi nilikuwa sipati usingizi, nikimwaza mpwa wangu akizunguka nje na njaa yake, hana pa kuingia.

Mwaka huu nikamkokota hadi kwa wafinyanzi wa Capula. Chombo cha wafu lazima kiwe kipya. Kikishaguswa na mdomo wa aliye hai, hawakitaki tena.

Muuzaji, mama Eufrosina, alikuwa amepanga vikombe vyake vya vitone vyeupe juu ya majani makavu.

"Karibuni, dada zangu! Cha marehemu au cha nyumbani?"

"Cha marehemu," nikasema.

"Cha mwanangu," akasema Hermelinda.

Eufrosina alitutazama kwa zamu. "Haya, chukueni hiki. Hakina ufa."

Hermelinda, anayebishania hata bei ya chumvi, alilipa bila neno. Ningepaswa kushtuka hapo hapo. Akaenda moja kwa moja kwa muuza uji wa mahindi.

"Nijazie humu."

Akaunywa wote mbele yangu, mwingine ukimchuruzika kidevuni.

"We mwendawazimu! Umekiharibu!"

"Sasa ni cha jikoni, dada. Akirudi atakinywea."

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikalia, pale pale sokoni, watu wakinitazama.

Alikitundika kwenye msumari jikoni. Siku ilipofika tuliwaandalia wazazi wetu mikate, maua na ubani. Fidencio hakuwekewa kitu.

Asubuhi yake niliamka wa kwanza kuwasha moto. Kikombe kilikuwa pale pale msumarini, kinadondosha maji. Sakafu ilikuwa imelowa. Mtungi tulioujaza jioni ulikuwa mtupu kabisa, na mlango bado una komeo kwa ndani.

Hapo nikajua. Mtoto wetu alikufa kwa kiu kule jangwani, na kiu hiyo haikumwacha achague chombo.

Nikasikia kitanda cha Hermelinda kikilia. Haraka nikakausha kikombe kwa aproni, nikapiga deki.

"Dada, kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Nabandika kahawa. Lala."

Siku hizi kila jioni mimi ndiye ninayejaza mtungi, na huujaza mpaka juu.