Mwendesha Baiskeli wa Mwisho

Verlin Goertzen alikuwa fundi bomba aliyestaafu, mrefu, mkavu, mbishi kuliko punda. Mkewe, Loretta, alikuwa na sauti ambayo wilaya yetu yote huku Kansas iliifahamu kuliko ya mchungaji. Katika klabu yetu ya redio, Loretta ndiye aliyekalia kiti cha kuongoza. Iwe gwaride, iwe mbio, iwe mawingu yamechafuka, sisi wengine tulitawanyika barabarani na redio zetu za mkononi, naye akabaki kituo cha zimamoto akituita mmoja mmoja, kila mtu kwa herufi zake za redio. Hata mumewe alimwita kwa herufi. "Hewani sina mume," alikuwa akisema.

Siku ya mbio za baiskeli mwezi wa Mei, kulikucha na joto la kunata, na upepo wa kusini ulikuwa ukiilaza ngano. Tulikuwa tukipakia antena kwenye pikapu.

"Hewa hii siipendi," Verlin akasema.

"Hewa gani uliwahi kuipenda wewe?" Loretta akamjibu. "Hata siku ya harusi yetu ulisema itanyesha."

"Na ikanyesha."

"Matone matatu, Verlin! Dwain, msikilize huyu. Matone matatu, miaka arobaini ananisimanga nayo."

Dwain ndiye mimi. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukaa kando ya Loretta nikitazama ramani ya rada, yeye akishughulika na watu.

Tuliwaomba waandaaji waahirishe mbio. Walisema waendeshaji wametoka mbali, na anga ilikuwa bado nyeupe. Basi wakaanza. Verlin akapewa njia panda ya makaburini, magharibi mwa mji, kwenye kilima ambapo mtu huona mbingu yote ya upande ule.

Mchana ofisi ya hali ya hewa ikatoa tahadhari. Muda si muda rada ikaanza kuonyesha wingu moja limevimba peke yake. Sauti ya Verlin ikaja, tulivu kama ya mtu anayepima bomba.

"Chini ya wingu pameshuka kama ukuta. Unazunguka. Narudia, unazunguka."

Hiyo ndiyo dalili ya kimbunga. Loretta akapeleka habari ofisi ya hali ya hewa, na mbio zikasimamishwa papo hapo. Wenzetu wakawa wanawazoa waendeshaji barabarani, baiskeli zikirushwa nyuma ya pikapu, watu wakikimbizwa kwenye chumba cha chini cha kanisa. Verlin naye akawapitisha wote waliofika kwake, akiwatania: "Kanyaga, mama, kanyaga! Leo mshindi anapewa paa juu ya kichwa!" Nilimsikia mwanamke akicheka hewani. Ving'ora vya mji vikaanza kulia.

Waliohesabiwa kanisani walikuwa pungufu kwa mtu mmoja. Kijana mwenye fulana nyekundu alikuwa amepita kituo cha kabla ya Verlin, lakini Verlin hakuwa amemtaja.

"Uliona mwenye fulana nyekundu?" Loretta akauliza.

"Sijamwona. Basi yuko kati ya kituo kile na hapa nilipo. Barabara ya kokoto."

Barabara ile ilielekea kule kule kwenye wingu.

"Mvua imeshaficha kila kitu," Verlin akasema. "Lakini nina dakika chache. Naenda kumchukua."

Loretta akabonyeza maikrofoni, akaiachia, akabonyeza tena. "Verlin, rudi."

Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akitaja jina la mumewe hewani.

"Mtoto wa watu huyo, Retta. Siwezi kumwacha."

Tukasikia mvua ya mawe ikigonga bati la gari lake. Kisha: "Naona kitu chekundu mtaroni. Nafikiri ndiye. Nashuka."

Baada ya hapo, mkoromo mtupu wa mawimbi.

Loretta alimwita mara tatu, kwa herufi. Hakujibiwa. Nilinyoosha mkono nimpokee maikrofoni, akaupiga kofi. Walikuwepo bado wenzetu wawili nje, na kimbunga kilikuwa kinapinda kuelekea kaskazini. Akamhamisha mmoja, akamwamuru wa pili aingie kwenye karavati, chini ya barabara. Sauti yake haikutetereka. Alipoambiwa kimevuka barabara kuu na kimekatika, mji umepona, ndipo akaweka maikrofoni mezani.

"Shika, Dwain," akasema.

Tulimkuta Verlin ndani ya shamba la ngano, mbali na gari lake. Pale mtaroni kilichokuwa chekundu ni beseni la plastiki la kulishia ng'ombe, limekwama kwenye waya. Tulilipekua eneo lile lote mpaka giza likaingia, tukimwita yule kijana.

Kijana alikuwa kwao. Tumbo lilikuwa limemkata njiani, akampigia shemeji yake simu, akachukuliwa kwa gari kabla hata wingu halijaanza kuzunguka. Hakumwambia mtu. Alidhani haina haja.

Baada ya mazishi alikuja nyumbani kwa Loretta. Mimi nilikuwa jikoni, nikipanga vyombo vya chakula vilivyoletwa na watu wa kanisa. Alisimama mlangoni akilia.

"Mama, sikujua. Naapa sikujua."

"Ulipofika nyumbani ulifanya nini?" Loretta akamuuliza.

"Mimi?"

"Nataka kujua. Saa ile."

"Nilioga. Nikala mkate na nyama. Nikalala kwenye kochi."

"Ulipata usingizi?"

"Ndiyo, mama."

Loretta akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa jambo lililokuwa likimsumbua. "Haya. Nenda kwenu." Hakumlaani, hakumsamehe. Akafunga mlango taratibu, akarudi kukaa.

Majira ya mvua yaliyofuata nilimwendea, nikambembeleza arudi kitini.

"Watu wanaitaka sauti yako, dada. Yangu wanasema kama ya ng'ombe mgonjwa."

Hakucheka. "Nikishika kile kitu, Dwain, nitamwita yeye. Na wengine watakuwa huko nje wanasubiri niwaite wao."

Sikumrudia tena kwa habari hiyo. Sasa mimi ndiye ninayekaa pale kituoni. Mbio zinaendelea kila Mei, na kabla ya kuanza tunawakusanya waendeshaji wote, tunawaambia: ukiondoka njiani, mwambie mtu, yeyote yule. Wanaitikia kwa vichwa huku wakifunga kofia zao.

Mwaka jana wawili waliondoka bila kusema.