Kijiko cha Baba na Pilipili ya Maembe

Kijiko kilikuwa kimelala kifudifudi katikati ya sahani, tumbo chini mgongo juu, na Fundi alikiona kabla hajaona kitu kingine chochote pale mezani. Alikuwa akiingia kutoka jikoni na jagi la maji. Baba alikwisha kujifuta midomo na kuegemea kiti chake. Kitinda, mdogo wake, alikuwa akicheka neno ambalo yeye hakulisikia. Baina yao palikuwa na kibakuli cha pilipili ya maembe, ya manjano kama kiini cha yai, kimebakia robo.

Fundi akamimina maji. Halikumwagika hata tone, maana mikono yake ilikuwa imezoea kutii hata moyo unapogoma.

Katika nyumba ile, kijiko ndicho kilichokuwa ulimi wa Baba. Mzee alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza saa maisha yake yote, kuinamia vitu vidogo na kunyamaza, na chakula hakukisifu wala hakukikosoa. Ila siku moja moja, akishakula, alikigeuza kijiko chake kifudifudi juu ya sahani, kisha akanyanyuka. Fundi alipokuwa msichana alimwona marehemu mama yao akikitazama kijiko hicho na kutabasamu, akajumlisha mwenyewe: kikilala kifudifudi, Baba ameridhika, kikilala chali, amekula tu kwa kuwa mtu hana budi kula. Hakumwuliza mtu. Miaka kumi na tisa tangu mama yao azikwe, yeye ndiye aliyempikia mzee, na kila mchana aliiendea ile sahani kama mwanafunzi anayeendea matokeo ya mtihani. Mara alizokikuta kifudifudi zilikuwa haba kama mvua ya kiangazi. Na huyu Kitinda, hana hata wiki mbili tangu ashushe begi lake mlangoni, ilikuwa mara yake ya nne.

"Dada, kaa basi ule," Kitinda akasema. "Umesimama kama mlinzi wa benki."

"Nimeonja onja jikoni. Nimeshiba."

Alikuwa na njaa.

Watu wote walimwita Fundi, kwa sababu ya mapazia aliyoyashona katika chumba cha mbele. Mdogo wake waliendelea kumwita Kitinda, kitindamimba, ingawa mvi zilikwisha kumpiga hodi. Fundi alikuwa akiliwaza jambo hilo siku hizi, huku cherehani ikinguruma. Mmoja ameitwa kwa tumbo lililomzaa, mwingine kwa kazi ya vidole vyake. Hata Baba alimwita hivyo. Fundi, niletee miwani. Fundi, nani yuko mlangoni. Miaka kumi na minne Kitinda alikaa mbali, akipika katika hoteli za watu, akipiga simu siku za mapumziko na kuleta vicheko vinavyokatikakatika. Hoteli ikafungwa, naye akarudi na begi moja na elimu ya kuchanganya matunda na moto. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Fundi alijiuliza kama waliosema hayo waliwahi kuwa wenyeji.

Pilipili ya nyumba ile, toka enzi na enzi, ilikuwa ya mama yao: pilipili mbichi, ndimu, chumvi, basi. Kali, nyoofu, haina porojo. Ya Kitinda ilikuwa na mizunguko yake. Asubuhi moja alimwaga kapu la maembe juu ya meza ya jikoni, akawa anayabinya moja moja, akichagua yaliyoiva lakini yenye ukaidi kidogo karibu na kokwa. Akayamenya. Akapasua pasheni tatu na kukomba ute wake. Akafunga mikono kwa mifuko ya plastiki, akazikata pilipili mbuzi, nyekundu na za manjano, akizitoa mbegu nusu na kuziacha nusu. Akatwanga tangawizi na vitunguu saumu, akavitia vyote katika kinu pamoja na chumvi, na nyumba nzima ikapiga chafya.

"Dada, hebu onja hapa."

"Matunda huliwa baada ya chakula. Wewe unayatia kwenye pilipili. Kesho utatia asali kwenye sabuni."

"Embe ndilo pindo, Fundi. Pazia bila pindo si linachanika?"

"Pindo halinuki."

Kitinda akacheka hadi akaegemea ukuta, na jambo hilo nalo likamuudhi Fundi, kwamba maneno aliyoyanoa yachome yalipokewa kama mzaha.

Rojo lile likaingizwa katika chupa sita za mdomo mpana. Lingekaa kabatini siku tano, lichachuke, kisha lichemshwe na siki. Mwenye mkahawa wa pale kona alikuwa ameonja kijiko kimoja, akaomba chupa sita aziweke mezani kwa wateja wake. Zikipendwa, atazitaka kila wiki.

"Nikilipata hilo, Dada, sirudi tena mbali," Kitinda alisema, akifuta mdomo wa chupa ya mwisho. "Nitakaa hapahapa na nyinyi. Baba anazeeka. Na wewe umechoka peke yako."

Aliyasema kama mtu anayetoa zawadi. Fundi aliyapokea kama mtu anayepigiwa hodi na mgeni aliyejitwika kitanda.

Siku iliyofuata Kitinda aliondoka kufuata vyombo vyake alikokuwa akifanya kazi. Angelala huko siku tatu. Alimshika dada yake mkono, akampeleka mbele ya kabati.

"Kila asubuhi zilegeze vifuniko, zipumue, halafu uzifunge. Ni hilo tu. Zikinyimwa pumzi zinakasirika."

"Zikikasirika zinafanya nini?"

"Zinapasuka. Au zinarukia dari. Usizisahau, dada yangu."

"Mimi nimewahi kusahau nini katika nyumba hii?"

Na hakika hakusahau. Asubuhi ya kwanza alilipita kabati mara saba, na mara zote saba alijua linahifadhi nini. Hakuwa mtu mbaya. Hata kuku alikuwa akimgeuzia uso wakati wa kumchinja. Kumtilia mtu maji au sabuni katika kazi yake, hilo asingeliweza. Lakini hapa hapakuhitajika kutia kitu. Palihitajika mikono kukaa mapajani. Nani aliyewahi kushitakiwa kwa kutogusa? Akakaa kwenye cherehani, akashona pazia la zambarau kutoka mwanzo hadi mwisho, na ule mshono ulinyooka kama siku zote.

Asubuhi ya pili aliufungua mlango wa kabati, kutazama tu. Vifuniko vilikuwa vimetuna kama mashavu ya mtoto aliyenuna. Vipovu vilipanda kimyakimya kandokando ya kioo. Waswahili wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, naye akakumbuka msemo huo, akaufunga mlango polepole kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Mchana akapika wali na maharage. Akapakua kama apakuavyo siku zote, kikombe kimoja cha wali kilichosawazishwa, miiko miwili ya maharage. Alizoea kupima, na kitambaa na chakula kwake vilikuwa sawa. Pembeni akaweka pilipili ya mama yao. Kitinda hakuwepo, meza ilikuwa yake tena. Baba akala taratibu hadi punje ya mwisho. Akaweka kijiko.

Chali.

Fundi akanyoosha mkono kuiondoa sahani, kama alivyofanya miaka kumi na tisa. Safari hii mkono ukasita.

"Ingekuwa ile ya Kitinda," alisema, na sauti yake ikamtoka nyembamba kuliko alivyokusudia, "kijiko ungekifudikiza."

Baba akamtazama. Macho yake yalikuwa yamekwisha kupoteza nuru, lakini bado aliyabana alipotaka kuona jambo vizuri, kama mtu anayetafuta skrubu iliyodondoka.

"Kijiko kimefanya nini?"

"Ukipenda chakula si unakifudikiza? Changu hukifudikizi. Nimekupikia miaka yote hii, Baba. Chake mara nne katika wiki mbili."

 Mabega yakaanza kumtikisika mzee, na Fundi akadhani anakohoa.

"Mama yenu," alisema, "alikuwa haulizi. Unameza tonge, yeye anaongeza. Unasema basi, anaongeza. Nikaona dawa yake ni kugeuza kijiko. Nikikigeuza, anacheka, anaacha." Akakigusa kile kijiko kwa kidole. "Nikigeuza nina maana nimejaa. Huyo mdogo wako naye ni walewale, anashindilia mtu kama gunia."

"Na kikilala chali?"

"Basi bado nina nafasi."

Fundi aliketi. Kiti kililia chini yake.

"Mbona hukusema?"

"Wewe una haraka, Fundi. Mtu anaweka kijiko, sahani imekwisha kuondoka. Nikawaza labda chakula ndicho hicho, hakuna kingine. Nikudai?" Akatafuta neno, hakulipata, akachukua lililokuwa karibu. "Kilikuwa kitamu lakini. Siku zote."

Sufuria ilikuwa jikoni na wali ungali na mvuke. Siku zote sufuria ilibaki na wali, naye aliula peke yake amesimama, au akampa kuku. Akaenda, akarudi nayo yote, akapakua bila kupima. Baba akala sahani ya pili. Fundi alitazama taya la mzee likipanda na kushuka, akajaribu kuhesabu michana ya miaka kumi na tisa, akashindwa, na hesabu ilikuwa ndiyo kazi yake.

Ndipo kitu kikapasuka ndani ya kabati.

Alipofika, chupa moja ilikuwa vipande na rojo linachuruzika rafu kwa rafu. Alinyakua kipande cha pazia la zambarau, akaiviringishia chupa ya pili, akakizungusha kifuniko. Kikamtoka mkononi. Pilipili ikaruka darini, ikamwangukia usoni, kwenye nywele, kwenye jicho la kushoto. Alilia kwa sauti, na ilikuwa nafuu kulia kwa sababu ambayo kila mtu angeielewa. Zile nne alizibeba hadi uani moja moja, akizikumbatia, akazilegeza vifuniko kidogo kidogo, pumzi kidogo, kisha pumzi kidogo tena, huku akizibembeleza pole, pole, kama watoto.

Tone mojawapo lilimwingia mdomoni. Kwanza lilikuja embe, jororo, lenye tabasamu. Nyuma yake pasheni ikachokoza. Kisha, pale ulimi ulipokwisha kujisahau, moto ukapanda bila fujo hadi masikioni. Alisimama pale uani, jicho moja limefumba. Ilikuwa tamu. Kwa wiki mbili alikataa kuionja kwa kuwa aliogopa kuwa itakuwa hivyo.

Kitinda alirudi kesho yake alasiri, godoro kichwani, sufuria mkononi. Hata kabla hajalitua godoro aliliona lile doa la manjano darini.

"Dada. Zimebaki ngapi?"

"Nne. Mbili zimekwenda."

"Jicho lako je?"

"Linaona."

Kitinda akatua mzigo, akafungua kabati, akazinusa zile nne, akazirudisha. Alikuwa amempa dada yake mgongo aliposema, "Ulisahau. Najua una kazi nyingi."

Mlango wa udhuru uliachwa wazi kabisa. Mtu angeupita bila hata kuinama. Fundi alijifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu.

"Sikusahau," alisema. "Siku mbili nilizitazama tu."

Kitinda hakugeuka. Bomba la uani lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Nimenunua maembe," Fundi akaendelea. "Yapo kapuni. Nimechagua yale yenye ukaidi, kama ufanyavyo. Sijui kama nimepatia. Mwenye mkahawa nimemwambia asubiri, kosa ni langu."

"Leo nikisema, nitasema vibaya," Kitinda akajibu. "Niache nipike."

Akapika. Wakakaa mezani watatu, na hapakuwa na kicheko. Baba alikula sahani ya kwanza, Kitinda akamwongezea. Akala ya pili, akageuza kijiko kifudifudi, akasema, "Nimejaa," akanyanyuka akapapasa njia hadi kitini kwake karibu na dirisha. Huko akachukua saa mbovu ya mezani, akawa anaisikiliza.

Wakabaki wawili na kibakuli cha manjano. Fundi alijitilia pilipili, si ncha ya kijiko, kijiko kizima, akala hadi jasho likamtoka juu ya mdomo. Mdogo wake alimtazama. Chakula kikaisha. Fundi akaweka kijiko chake juu ya sahani.

Kitinda alisimama kukusanya vyombo. Akaichukua sahani ya Baba, akaiweka juu ya yake, kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya dada yake, na mkono ukakomea hewani. Kijiko kilikuwa kimelala chali, kimeikabili dari na doa lake.

"Fundi," mzee aliita kutoka dirishani, "hebu njoo usikie. Hii saa inasema bado inatembea."

"Nakuja, Baba," Fundi alisema, lakini hakuondoka kitini. Hakukigusa kijiko. Alisubiri, mikono mapajani, na Kitinda alikuwa bado amesimama mbele yake, sahani mbili katika mkono mmoja, na upawa ndani ya sufuria ukiwa umbali wa shubiri moja tu na mkono wake mwingine.