Kisima Kilichopulizwa Hewa

Dada yangu ana figo moja. Ya pili ninayo mimi, na inafanya kazi vizuri. Ndiyo maana maabara iliposema kisima chake kipya kina urani nyingi, madini yanayoumiza figo, niliacha chakula mezani nikaenda kwake.

Mimi ni fundi pampu. Habari za mchanga na mawe nimejisomea polepole. Katika mchanga mwekundu wa juu, wenye hewa, urani huyeyuka na kusafiri na maji kama chumvi. Ikifika kwenye mchanga wa kijivu, ule wenye mabaki ya miti iliyooza na usio na hewa, hunasa hapo. Maji ya chini yake hunuka yai viza, lakini urani yake huwa kidogo.

Kisima cha dada kilivuka ule wa kijivu, na mwekundu ulizibwa kwa saruji. Urani ilipitia wapi?

Nilimkuta mumewe, mchimbaji visima, akifunga godoro kwa kamba.

"Tunahama, shemeji. Sitamnywesha sumu mke wangu."

"Kabla ya kuchota sampuli ulifanya nini?"

"Nilipuliza hewa ya kompresa mpaka chini, siku nzima. Harufu ilikuwa inamkera."

"Basi hiyo hewa ndiyo iliyoiamsha urani. Ilikuwa imelala kwenye mchanga wa kijivu."

Akaachia kamba. "Kumbe mapenzi yangu ndiyo sumu!"

"Mapenzi gani?" dada akadakia kutoka jikoni. "Ulichoka kusikia mdomo wangu tu!"

Nikawaomba wasubiri. Wiki kadhaa walikunywa maji ya kununua, huku shemeji na mimi tukivuta ya kisima taratibu na kuyamwaga, bila kompresa, mpaka harufu ikarudi, ishara kwamba hewa imeisha huko chini. Tukapeleka sampuli nyingine. Kila simu ilipolia, godoro likiwa bado limeegemea ukuta, dada aliikimbilia.

Majibu yalikuja: urani iko chini sana ya kiwango cha hatari. Shemeji alilibeba godoro chumbani peke yake, akiimba vibaya.

Nilimweleza dada ayaache maji kwenye pipa lililo wazi, harufu itaondoka yenyewe, urani ikiwa imebaki chini mchangani. Kisha nikataka kumwambia neno ambalo tangu aliponipa figo hospitalini sijawahi kulimaliza.

"Dada, mimi..."

"Usianze kunililia hapa, mdogo wangu. Pipa liko tupu."

Nikachukua ndoo mbili, nikalijaza mpaka likafurika.