Milima Saba kwa Siku Moja

Jafari Shekiondo alikuwa seremala mwenye karakana nyuma ya soko la Lushoto. Mwaka 1999, vitu vya nje vilipokuwa vimeshafika hadi milimani, mdogo wake aliyefanya biashara Dar es Salaam alimletea televisheni na mashine ya gemu. Jafari akasogeza mbao ukutani, akapanga mabenchi, na tangu siku hiyo karakana ikawa haikauki watu.

Wote walicheza gemu moja, ya mpira. Mechi ilikuwa dakika kumi. Aliyefungwa aliinuka, anayefuata akakaa. Bingwa wao alikuwa Amiri, fundi viatu wa pale stendi, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyemaliza kidato cha nne.

Alhamisi moja, siku ya soko, aliingia Tatu, mkulima wa plamu kutoka Magamba. Alikuwa anatafuta kigoda cha kumpelekea mama yake. Jafari alipokuwa akimchagulia, Tatu aliona kasha la sidii juu ya randa. Pichani, mwanamke alipanda njia ya mlimani kwenye ukungu, mgongoni amebeba kengele kubwa.

"Shikamoo, baba. Hii nayo ni gemu?"

"Marahaba, mwanangu. Ni gemu, ila hakuna anayeicheza. Ndefu mno. Ina milima saba, siku nzima inakwisha. Na mashine yangu haihifadhi kitu. Umeme ukikatika, unaanza mwanzo."

"Na huyu mama anakwenda wapi?"

"Sijui. Hajatokea mtu wa kufika."

Wiki nzima Tatu alichuma plamu huku akimfikiria yule mama na kengele yake. Alhamisi iliyofuata aliteremka mapema, mchuuzi wa Mombo akachukua matenga yote, na saa mbili asubuhi alikuwa amekaa mbele ya televisheni. Alikuwa amekubaliana na Jafari: siku nzima ni yake.

Mlima wa kwanza ulimtoa jasho. Alikuwa hajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu maishani mwake. Lakini aligundua jambo: akimkimbiza yule mama, kengele ililia na mbwa mwitu wakaamka. Akimtembeza polepole, walilala. Tatu alijua kupanda mlima na mzigo mgongoni. Akampandisha hatua kwa hatua.

Amiri alifika saa tatu na wenzake sita.

"Dada Tatu, zamu yako bado tu?"

"Ndiyo kwanza nimeanza."

"Gemu haipaswi kuwa hivyo. Dakika kumi, umeshinda au umeshindwa, unampisha mwenzio. Ndiyo maana ya mchezo."

"Dakika kumi ndio kwanza chai inachemka," Tatu alisema bila kugeuka. "Mimi nataka kuinywa."

Wenzake walicheka. Amiri alikaa pembeni amenuna, akisubiri Tatu ashindwe. Kisha maandishi ya Kiingereza yakatokea kwenye kioo. Tatu, aliyeishia darasa la saba, alibaki anayatazama.

Amiri alivumilia kidogo, akashindwa. "Anasema kijijini kwao kengele ilipasuka, na tangu hapo watu wanapotea kwenye ukungu. Hii aliyobeba ndiyo mpya. Pita kushoto, kulia kuna korongo."

"Asante, mdogo wangu."

Tangu hapo Amiri hakubanduka tena. Alisoma kila neno. Mlima wa tatu ulipoanza, wauza kabichi walikuwa wamejaa mlangoni, wanawake na wanaume, na wote walinong'ona, kana kwamba mbwa mwitu wa kwenye kioo wangewasikia. Aliyekohoa alitazamwa vibaya.

Kwenye mlima wa nne taa ilipepesa. Kioo kikatetemeka, kikawa cheusi robo ya sekunde. Picha ikarudi, yule mama angali amesimama na mzigo wake. Jafari alikaa chini juu ya maranda, mkono kifuani.

Tatu aliswali adhuhuri mbio mbio nyumbani kwa Jafari, ua wa nyuma, huku yule mama amesimamishwa chini ya mti na Amiri akimlinda asiguswe na mtu. Mke wa Jafari aliwaletea mihogo ya kuchemsha. Tatu alikula kwa mkono mmoja.

Saa kumi na moja jioni walifika mlima wa saba. Juu kabisa kulikuwa na daraja la kamba, na kamba zilikuwa zinakatika.

"Hapa hatembei," Amiri alisema. "Imeandikwa kimbia."

"Mbwa mwitu wataamka."

"Waamke. Kimbia, dada."

Tatu alibonyeza. Kengele ikalia kwa nguvu ndani ya karakana, mbwa mwitu wakatoka kila upande, mbao za daraja zikaanguka moja baada ya moja nyuma ya visigino vya yule mama. Watu hawakunong'ona tena. Benchi moja lilipinduka. Ubao wa mwisho ulipokatika, mama aliruka, akashika ukingo kwa mkono mmoja, akajivuta juu.

Chini yake, kijiji kilikuwa kinatoka kwenye ukungu. Watu wake walikuwa wameisikia kengele na walikuwa wanapanda kumlaki.

Kisha yakapita majina ya waliotengeneza gemu, meupe juu ya weusi. Jafari alifuta macho, akasema ni vumbi la mbao.

"Ndiyo imeisha?" Amiri aliuliza.

"Imeisha," Tatu alisema, akinyoosha vidole vilivyokuwa vimekakamaa.

"Hapana. Wangeonyesha wanavyoitundika kengele. Wangeweka hata mlima wa nane."

"Wewe si ulitaka dakika kumi?"

"Dakika kumi ni za mpira," Amiri alisema. "Hii wameikata mapema."

"Wameikata panapostahili. Mlima mmoja zaidi, ningemtupa korongoni."

Walibishana hivyo hadi kwenye lori la Magamba, na lori liliondoka Amiri angali anaeleza mlima wa nane ungekuwaje. Tatu alicheka njia nzima ya msituni. Alipofika nyumbani alimkalisha mama yake kwenye kigoda kipya, akaanza kumsimulia kwa Kishambaa kuanzia mlima wa kwanza, bila kuruka hata mmoja.