Vishubaka Arobaini na Vinane

"Pumzika kidogo, halafu umalizie hii moja tu," Fundi aliiambia mashine, akabandika kitambaa kibichi kwenye mota kama anayemkanda mgonjwa.

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa na kufuli jipya, bado limo kwenye karatasi yake ya dukani.

"Siku hizi unaongea na vyuma."

"Vinanisikiliza kuliko watu wengine."

Mashine yenyewe ukiiona ungedhani ni kitanda kilichogombana na meza. Fundi alikuwa akiishi kwa kutengeneza mashine za fotokopi, na hii aliiunga kutokana na zile zilizokufa: reli za moja, mota za nyingine, na kompyuta kuukuu ya kuiambia ncha ya kukatia ipite wapi. Ilichonga vizuri, ila haikuwa na pumzi. Kila baada ya dakika ishirini mota zilipata moto, na zikishapata moto zilisahau zilipofika. Basi unasimamisha, unakanda, unangoja. Wiki tatu Fundi amekanda na kungoja, kila jioni akitoka kazini, mpaka kope zenyewe zinamuuma. Unga wa mbao ulikuwa umemwingia hadi kwenye chai.

"Leo Jumamosi," kaka alisema.

"Siku nazijua."

"Tulikubaliana, dada yangu. Ikifika saa sita Mzee bado anataka kutoka, kufuli linakwenda mlango wa mbele. Mimi sitaki tena kupigiwa simu niambiwe baba yako yuko katikati ya barabara kuu, dereva wa lori anamtukana."

Fundi aligeuza kitambaa kwenye mota. Baba yao alikuwa karani wa posta miaka thelathini na minne, akipanga barua. Ile posta sasa ni duka la vigae. Mzee hili huambiwa leo, kesho limeshamtoka. Asubuhi huvaa shati lake la kazi, huchukua kofia, huyo. Mwezi huu tu ametoka mara tatu. Fundi akawaza: kama mtu hakai nyumbani kwa sababu ana kazi, si kazi ije nyumbani?

Ncha ikamaliza kuchonga namba ya mwisho kwenye ubao. Kaka aliliweka kufuli juu ya kaunta ya mbao aliyoijenga Fundi, akashika upande mmoja wa ubao bila kuombwa. Wakaukaza mahali pake.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimegeuka posta. Ukuta mzima wa vishubaka, vijumba vya kutilia barua, safu sita, kila safu vinane, kila kimoja na namba yake iliyochongwa. Kaunta yenye kidirisha cha nondo za mbao. Juu yake kibao: TUMEFUNGUA. Na kikapu kilichojaa bahasha za zamani, ambazo Fundi alikuwa ameziandikia namba za masanduku usiku hadi usiku.

Mzee alitokea kwenye korido, vifungo vimefika shingoni, kofia kichwani.

"Baba, leo mnafanyia kazi huku," Fundi alisema.

Akaingia. Alipitisha kidole kwenye namba, moja baada ya nyingine, taratibu.

"Nani kapanga hivi?"

"Mimi."

"Moja, mbili, tatu, zinakwenda pembeni. Karani atembee kama kaa? Namba zinashuka, mama. Unasimama mahali pamoja, mkono ndio unaopanda na kushuka." Akatikisa kichwa. "Hapa si kazini kwangu. Nachelewa."

Akageuka. Kaka akalitazama kufuli, kisha akamtazama dada yake, na usoni hakuwa na furaha ya mshindi.

Fundi aliketi sakafuni, palepale kwenye unga wa mbao.

"Basi nimekosea," alisema. "Mimi sikuwahi kuvuka kaunta. Nilikuwa naona kutoka upande wa wateja tu."

Mzee alisimama kizingitini. Alimtazama kwa muda mrefu, huyu mwanamke mwenye nywele nyeupe kwa vumbi.

"Wageni wote hukosea hapohapo," alisema. "Penseli iko wapi?"

Alipopewa penseli, aliilamba ncha yake, akaandika namba zake juu ya zile za mashine. Moja. Chini yake mbili. Chini yake tatu.

"Si anaziharibu?" kaka alinong'ona.

"Mwache."

Alipomaliza arobaini na nane, akavuta kikapu. Mkono ulipanda, ukashuka. Bahasha ziliingia bila yeye kuangalia. Kaka alivuta kiti akaketi, na muda si muda akawa ndiye anayempokeza mafungu. Kikapu kilipokwisha, Mzee alikung'uta kaunta, akakuta kufuli. Aliligeuza, akaisoma karatasi yake mbele na nyuma.

"Kifurushi hiki cha nani?"

Kaka alinyoosha mkono. Akaurudisha.

"Hakina anwani," Mzee alisema. Aliinama, akakitia kwenye kishubaka cha mwisho, chini kabisa. "Hapa ni pa visivyo na mwenyewe."

Kisha akatazama saa ya ukutani, akaiweka kofia sawa.

"Saa sita. Jumamosi tunafunga. Nakwenda nyumbani."

Akashika njia ya mlango wa mbele. Kaka alikuwa ameshainuka.

"Pita jikoni," Fundi alimwambia kaka yake kwa sauti ya chini. "Nenda ukafungue mlango wa huko, tutaingilia hapo."

Akavaa kandambili, akamfuata baba yake nje. "Tunakwenda njia moja, mzee."

Walizunguka nyumba. Walipita tangi la maji, wakapita kamba ya nguo, Mzee akitembea mzito mzito, kama mtu aliyesimama tangu asubuhi. Karibu na ukuta Mzee alimshika Fundi mkono asijikwae kwenye tofali moja lililochomoza. Mlango wa jikoni ulifunguliwa kabla hawajabisha.

"Karibu, baba," kaka alisema. "Pole na kazi."

"Asante. Barua zilikuwa nyingi." Aliketi kwenye kigoda, akaanza kufungua kamba za viatu. "Wametuletea karani mpya. Hajui kitu. Lakini anafundishika."

Fundi alikuwa ameegemea ukuta wa nje, ameyafumba macho, jua usoni. Kaka alibaki ameshika kitasa, mlango nusu wazi.