Maua Meupe ya Tangi la Tatu

Katika kituo chetu chote cha utafiti wa bahari hakuna jicho linaloona uchafu kabla ya langu. Fundi pampu huniita Macho Manne, na sivai miwani. Tangi nikilipitia mimi, hata samaki asiye na unywele anajiona kwenye kioo, anatafuta kitana.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenitafutia kibarua hicho cha kusafisha matangi nilipomaliza kidato cha nne na kuanza kulinda kochi la nyumbani. Yeye huotesha majani ya bahari, marefu kama mikanda, kwa kuwa yale ya nje yaling'olewa na mashine za kuchimba njia ya meli. Anataka mbegu akapande upya. Lakini tangu aanze, majani yake hayajazaa, na mkuu wa kituo alikwisha sema: msimu huu lisipopatikana tunda, matangi watafugiwa kamba. Kamba wanauzika.

Asubuhi hiyo alinishika bega mbele ya tangi la tatu.

"Ua jike ni lile, kikonyo chake kirefu mpaka juu ya maji. Dume liko chini, ndani ya ganda. Likiiva linaachia maua yake, yanapanda yenyewe, yanaelea mpaka yamfikie jike."

"Kwa hiyo bwana harusi anaogelea mwenyewe hadi ukweni? Hana hata mshenga?"

"Sikiliza, baba. Jike likishapata chavua, kikonyo kinajikunja kama springi, kinalivuta tunda chini likakomae."

"Na bwana harusi akifika amelowa, anapewa taulo?"

Alicheka mpaka akajifuta macho. Hapo ndipo ninapoharibikiwa: nikishamchekesha mtu, najiona nimeshaelewa.

"Ganda limeanza kupasuka," akasema. "Nakwenda kumwita mkuu. Macho yako yasibanduke hapa."

Nikabaki mimi na miguu ya fundi pampu, iliyochomoza chini ya sinki alikokuwa akifungua mabomba. Haukupita muda, juu ya maji nikaona vijipunje vyeupe, kama mtu amepukutia makombo ya mkate. Uchafu! Na mkuu yuko njiani! Nikachukua kichujio, nikavikomba vyote huku naimba, nikakikung'uta kwenye sinki, nikasuuza kwa kopo la maji ya tangi. Mimi nilikuwa nasubiri maua: mekundu, ya njano, yenye adabu ya kuonekana.

Nikageuka kujisifia kioo. Kule chini ganda lilikuwa wazi, tupu. Punje moja ya mwisho ikachomoka, ikapanda inang'aa kama kipovu, ikasimama juu ya maji, ikaanza kuteleza kuelekea ua jike. Mkondo wa bomba la kutolea maji ukaivuta. Ikaenda.

Kumbe ule uchafu ndio uliokuwa maua.

Ilikuwa sentensi moja tu: shangazi, nimeyamwaga. Nyayo zao zikasikika koridoni, na mimi badala ya kuisema nikaanza kutafuta cha kuziba pengo. Nikaona boksi la kuletea samaki, lile jeupe jepesi la povu gumu. Nikalikwaruza pembeni kwa kucha, kirichi kirichi, nikapukutia punje zake majini.

Shangazi aliingia, akaona, akashika mdomo.

"Mwanangu! Ndiyo haya!"

"Madogo hivyo?" mkuu akauliza, ameinama.

"Madogo hivyo, mkuu. Lile moja limekwisha mfikia, ona!" Punje ya boksi ilikuwa imekaa katikati ya ua jike, imetulia kama mgeni wa heshima. Shangazi akaukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Na huyu ndiye aliyeyalinda. Kaka yangu aliniambia kijana wake ni mdomo mtupu. Leo nitampigia simu."

"Si kitu, shangazi," nikasema. Nilisema hivyo kweli.

Shangazi akaanza kuifungua lenzi yake ya mkononi aangalie kwa karibu. Chini ya sinki miguu ikajivuta, fundi pampu akatoka ameshika ndoo kwa uangalifu, kama amebeba supu.

"Samahani, dada. Bomba la sinki nimelifungua, sasa kuna maji yamenishukia, nikayakinga. Yana vitu vyeupe vinaelea. Nilitaka kuyamwaga, lakini nimekusikia unavyosema hapo, nikaogopa."

Akanigeukia. Hakuwa na ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Macho Manne, na ulipomaliza kuyamwaga ulikuwa unakwaruza nini? Mimi nilidhani panya."

Shangazi hakutazama ndoo kwanza. Alitazama mkono wa shati langu, ambako punje nyeupe zilikuwa zimenata hadi kwenye kiwiko. Akabandua moja, akaibonyeza kwa kucha.

Ikalia kirichi, kama boksi.